Mbao za Chini ya Kitanda cha Bibi

Mwaka 1985, nikiwa na miaka kumi na tatu, ndipo taabu yangu ilipoanza. Ilianza asubuhi ya kawaida tu. Baba alikunja blanketi, akachukua sururu, akasema anakwenda Chunya kuchimba dhahabu na atarudi kabla maharage hayajavunwa. Maharage yalivunwa, yakapandwa mengine, nayo yakavunwa. Mama alingoja kadiri alivyoweza, kisha akaolewa Kyela na mtu mwenye mashamba ya mpunga, na mtu yule hakutaka kulisha mtoto wa mwanaume mwingine. Mimi nikaacha shule darasa la tano, nikapelekwa Kawetele kwa bibi mzaa baba. Sisemi haya ili nihurumiwe. Watu wengi wa rika langu wana habari ya namna hii, na wengine mbaya zaidi. Nasema ili ujue nilivyofika katika nyumba ile.

Nyumba ile sasa ni yangu. Kwa miaka mingi imekaa imefungwa, mimi nikiishi Msasani, hii ya Tukuyu mjini, karibu na biashara zangu, na mwaka huu nimesema inatosha, nataka kuzeekea Kawetele. Bati limebadilishwa. Kuta zimepigwa lipu upya. Madirisha ya babu nimeyaacha, maana bado yanafunga vizuri kuliko yale ya Msasani niliyonunua kwa mbwembwe. Kilibaki kitu kimoja, sakafu, na hapo ndipo nilipochoka, kwa sababu kila mtu alikuwa na neno. Binti yangu mkubwa, anayefanya kazi Mbeya, alitaka marumaru zinazong'aa. Kijana wangu wa Dar alikuwa ananitumia kwenye simu picha za mbao ambazo si mbao, ni unga wa mti ulioshindiliwa kiwandani na kubandikwa picha ya mti juu. Fundi naye alikuja siku moja na vipande vyake ndani ya mfuko wa saruji, akavipanga chini kama mtu anayeuza nyanya: mninga, mkaratusi, paini iliyotiwa dawa, na hicho cha kubandikwa.

"Mama, hiki hakihitaji kusuguliwa," binti yangu akaniambia, akikigonga kile cha picha kwa kucha. "Unapitisha kitambaa, basi."

"Kisiposuguliwa kitajuaje kuna mtu anakaa humu?"

Fundi alicheka. Binti yangu hakucheka, ananijua.

"Sasa mama, unataka sakafu ya kudumu miaka mingapi?" fundi akauliza, kwa adabu kabisa.

"Kwani mimi nitadumu mingapi?"

Wakatoka nje kupigana na bei ya kokoto, wakaniacha mwenyewe katika chumba cha bibi. Nikavua viatu. Sijui kwa nini nilivua, pale chini palikuwa udongo mtupu. Lakini miguu yangu ilijifunza zamani kwamba mlango ule haupitwi na viatu, na miguu haikuwa na habari kwamba sakafu ilishaondoka.

Acha nikueleze ilivyokuwa.

Babu, ambaye mimi sikumkuta, alikuwa mpasuaji mbao. Walikuwa wanapanda mlima Rungwe yeye na mwenzake, na ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine yuko shimoni anakula vumbi. Walipasua podo, miti mikubwa ambayo leo huwezi kuigusa bila kukamatwa na watu wa misitu, na hata ukiruhusiwa utatembea sana kabla hujaiona. Sehemu ya ujira wake alilipwa kwa mbao. Alipojenga, alijenga mahali pa mteremko, juu ya msingi wa mawe, na badala ya kujaza kifusi kama watu wote akalaza boriti na juu yake akapigilia mbao nyumba nzima. Mbao pana, ndefu, zinaanzia ukuta huu zinaishia ukuta ule bila kiungo. Kijijini kote hakukuwa na nyumba nyingine ya hivyo. Chini yake kulikuwa na uwazi, na kuku walilala humo.

Kwa hiyo mimi nimekua juu ya kuku. Usiku ulikuwa unawasikia wakisogezana, na alfajiri jogoo aliwika chini ya mgongo wako. Jirani wa chini ya njia, mama mmoja mwenye mdomo mkali aliyekuwa anakusanya ndizi za kuuza kwenye malori, alikuwa akipita asubuhi anatuamkia kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani.

"Ugonile, mama mwenye nyumba ya ghorofa. Wapangaji wako wa chini wamelalaje?"

"Ndaga," bibi anamjibu akiwa ndani. "Wamelala vizuri, na hawana maneno kama wewe."

Walikuwa marafiki, ukweli ni huo. Watu wanaotukanana kila asubuhi ni watu wanaopendana.

Kazi yangu ilikuwa sakafu. Jumamosi, tukishamaliza kumenya ndizi na kuzibandika na maharage, bibi anayeyusha nta ya nyuki ndani ya kopo, anatia mafuta ya taa kidogo sana, kwa sababu mafuta ya taa miaka ile yalikuwa yanatafutwa kama dawa. Ananipa kipande cha blanketi. Napaka, nangoja ikauke, halafu nasimama juu ya blanketi na kuteleza, kutoka mlangoni mpaka dirishani, narudi, nakwenda. Bibi amekaa kizingitini anachambua mboga. "Sugua mpaka uone meno yako," anasema. Mvua ya Tukuyu unaijua, ikianza haikuulizi una kazi gani. Juu bati linapigwa, chini kuku wanalalamika, ndani harufu ya nta na moshi na ndizi mbivu zilizotundikwa, na mimi nateleza. Mbao zilikuwa zimekuwa na rangi ya chai yenye maziwa. Nilikuwa najua kila fundo. Fundo moja karibu na dirisha lilifanana na jicho la ng'ombe, na nilikuwa silikanyagi.

Mtoto anayeachwa na wazazi wote wawili anahitaji kitu cha kushika. Mimi nilishika sakafu. Sikuwa na shule, sikuwa na nguo ya Jumapili, lakini hakuna mtoto Kawetele nzima aliyekuwa na pa kutelezea isipokuwa mimi, na walioruhusiwa kuingia niliwachagua mwenyewe.

Basi, ule ulikuwa wakati wa ruksa. Sabuni imerudi madukani, sukari imerudi, khanga zinaning'inia, na kila mtu ameambiwa afanye biashara. Malori yakaanza kuja kwa ndizi, kisha kwa viazi vya Isongole, kisha kwa mbao. Wafanyabiashara walipanda wenyewe mpaka mlimani, wakanunua mbao kwenye shimo la kupasulia, hazijakauka, hazijashuka barabarani. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima ule tukawa tunaona mbao zinapita tu, zimefunikwa turubai, zinakwenda. Kabla ya hapo mtu akifa, fundi seremala wa kijiji alikuwa anapata mbao za jeneza kwa mpasuaji yeyote kama zawadi ya msiba. Sasa ukimwendea mpasuaji anakuambia zote zina mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa mwinjilisti wetu. Alifariki katikati ya masika, barabara ya mjini imekuwa uji. Wazee wakaja kwa bibi, pamoja na fundi seremala, wakasimama uani na kofia mikononi, wakaanza kusema habari za mvua. Mvua ya mwaka huu, mvua ya mwaka jana, mvua inavyooza migomba. Bibi aliwasikiliza akiwa ameegemea mlango.

"Semeni," akawaambia. "Mtu hawezi kuja kwangu na mtaimbo akaniambia habari za mvua."

Mzee wa kanisa akakohoa. "Mama, ni mbao. Mwinjilisti hatuwezi kumfunga kwenye mkeka."

Bibi akamwangalia fundi, akaangalia mtaimbo, akasema, "Anzeni pembeni, huko kwenye dirisha. Na mvue viatu."

Wakavua. Watu wazima, wana matope mpaka magotini, wakavua viatu ili waingie kubomoa sakafu. Fundi alizing'oa polepole, anainua msumari mmoja mmoja, anauweka mfukoni. Jicho langu la ng'ombe likaenda na mwinjilisti. Nilisimama pale uani nikamwona fundi akipima, akikata, na nikaona anageuza mbao, upande niliousugua mimi anauweka ndani.

"Kwa nini unaficha upande mzuri?" nikamuuliza.

"Wa nje utaangaliwa na udongo," akasema bila kuinua kichwa. "Wa ndani ni wake."

Baada ya maziko ndugu wa marehemu walikuja. Hawakuja mikono mitupu, hata kama hawakuwa na kitu. Walikuja na ndoo, na majembe, na vijana wa kwaya, wakachota udongo mwekundu kule bondeni, wakajaza pale mbao zilipotoka, wakashindilia na michi mpaka pakawa sawa na sakafu iliyobaki. Wanawake wakasiliba vizuri na kinyesi cha ng'ombe na udongo mweupe. Ikawa ndiyo shukrani. Na kwa kuwa ilifanyika mara ya kwanza, ikafanyika na ya pili. Aliyechukua mbao alirudisha udongo. Hakuna aliyeitunga hiyo kama sheria, ilijiweka tu, na ikawa watu wakisikia kilio upande wowote wa Kawetele wanajua fundi atapita wapi.

Na vilio vikawa vingi. Wewe kama ulikuwepo miaka ile unajua. Walirudi kutoka barabarani, kutoka mpakani, kutoka machimboni, vijana ambao jana walikuwa na redio begani, wamekuwa wepesi kama mabua. Ugonjwa hatukuutaja. Tulisema "anaumwa," tukanyamaza hapo. Sebule ya bibi ikaliwa ubao kwa ubao. Mimi niliteleza kwa hatua chache zaidi kila msimu, nikigeukia pale udongo ulipoanzia. Kuku walihamishwa, uwazi wao ulikuwa unajazwa. Mwisho tukawa na sebule ya udongo kama nyumba nyingine zote, na chumba cha wageni cha udongo, na mbao zikabaki katika chumba cha bibi peke yake, na humo namo zikaenda, mpaka zikabaki zile za chini ya kitanda chake.

Hapo akasema basi. Alisema wazi, kanisani, baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama nje wanasalimiana.

"Zilizobaki ni zangu. Mimi nazilalia nikiwa hai na nitazilalia nikifa. Asije mtu."

Watu wakasema ni haki. Jirani yetu wa chini ya njia alisema zaidi ya wote. "Atakayekuja nitamfukuza mimi," akasema. "Hata ghorofa ikiisha, mwenye ghorofa hafukiwi kwenye mkeka."

Bibi akawa mtu wa mbao zile. Alinikataza kufagia chini ya kitanda kwa maji. Alikuwa ananiambia, nikimletea chai ya asubuhi, "Leo nimezisikia zinalia kidogo, ni baridi." Usiku alikuwa anashusha mkono kutoka kitandani anazipapasa. Mimi nilimwelewa. Alikuwa ametoa kila alichoachiwa na mume wake, na alitaka aachiwe hicho cha kwenda nacho. Si kikubwa.

Mtoto wa jirani alikuwa taniboi wa malori. Kijana mcheshi sana. Akipita barabara ya juu anagonga ubavu wa lori ili mama yake asikie. Ndiye aliyenionyesha mimi biashara ya viazi, aliniambia, "Dada, acha kusugua mbao za wazee, njoo Isongole uone watu wanavyobeba hela kwenye magunia." Alirudi nyumbani wakati wa baridi, amefunikwa koti la mtu mwingine, na hakutoka tena nje mpaka alipotolewa.

Mama yake hakutuma wazee. Alikuja mwenyewe, asubuhi, bila kilemba, akapita uani mpaka mlangoni. Alivua kandambili, akaingia mpaka chumba cha bibi. Bibi alikuwa amekaa kitandani, na mimi nilikuwa napanga kuni.

"Mama," jirani akasema, "nimekuja."

"Nimekuona. Pole, mwanangu. Pole sana."

"Nimekuja kwa zile."

Bibi alishusha mkono kando ya kitanda, akazipapasa. Nikaacha kuni.

"Wewe ulisema utawafukuza," bibi akasema.

"Nilisema. Sikujua nitakuwa mimi."

"Nimetoa sakafu nzima. Nimetoa kwa watu ambao hata kunisalimia hawanisalimii. Hizi nimezishika."

"Mimi nakusalimia kila siku."

"Ndiyo. Kila siku."

"Basi?"

"Basi hapana."

Sikuwahi kumsikia bibi akisema hapana kwa mtu mwenye msiba. Jirani aliendelea kusimama kama vile anangoja neno la pili, kisha akatafuta kandambili zake kwa miguu, hakuangalia chini, akazikosa, akaenda pekupeku. Nikamkimbilia nazo njiani. Alizichukua, akanishukuru, "Ndaga," sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kaka yake alikuwa na duka mjini. Jioni ile gari lake lilileta jeneza la kununua, la kwanza kuingia upande wetu. Limepakwa vanishi, lina vishikio vya bati vinavyong'aa, ndani kitambaa cheupe kimepigwa mikunjo. Watu walililia na kuliangalia kwa pamoja. Fundi seremala alisimama nyuma, mikono mfukoni, na nadhani palepale aliona alipo na mahali anapotakiwa kwenda, maana mwaka haukuisha akawa amehamia mjini kutengeneza ya kuuza. Na tangu siku ile kila mwenye msiba akawa anajikaza anunue. Mtu akizikwa kwa mbao za kuomba, watoto wake walikuwa wanaona aibu.

Bibi hakuombwa tena. Wewe unaweza kusema, si ndicho alichotaka? Ndicho. Lakini nilimwona akikisikia kilio, akifunga khanga yake vizuri, akikaa mlangoni anaangalia njia. Wanapita. Wanakwenda barabarani kungoja gari la jeneza. Jirani naye alikuwa akipita asubuhi anasema "Ugonile" kwangu, ananitaja mimi, kama vile ndani ya nyumba hakuna mtu mwingine. Bibi alikuwa ananyanyua kichwa, anangoja lile tusi lake la kuku. Kuku hatukuwa nao tena, na tusi halikuja.

Mimi nilikuwa upande wa bibi, na hata leo niko upande wake. Wapo walionitaka niseme alikosea. Walikaa juu ya sakafu ya nani wakati wanasema hivyo? Walizika kwa mbao za nani?

Bibi alifariki mwaka 1993, mimi nimeshaanza kusimama, nina genge langu la viazi na mtoto mmoja mgongoni. Nilisema mbele ya watu wote kwamba hakuna jeneza la duka litakaloingia humu, bibi ana mbao zake. Nikamfuata fundi mjini, akaja, mzee tayari, na mtaimbo ule ule. Tukasogeza kitanda. Juu zilikuwa nzuri. Nilikuwa nimezisugua mwenyewe wiki chache kabla, zinang'aa, unaona meno. Fundi akachomeka mtaimbo, akainua, na ubao haukulia kama mbao zinavyolia msumari ukitoka. Ulikatika kama mkate. Akachomeka pengine. Ukakatika. Akaingiza mkono chini, akatoa kiganja kimejaa kitu cheusi chenye unyevu, na wadudu weupe wanatembea.

"Ni udongo," akasema. "Ule udongo wa kujazia. Umesukumwa mpaka chini ya hizi. Boriti zimenyonya maji miaka yote hii."

Kila aliyeshukuru alileta ndoo yake. Tuliziozesha kwa shukrani.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Jirani wa chini ya njia akapita katikati yao. Alikuwa hajaingia chumba kile tangu siku ile ya kandambili. Alichuchumaa, akachota kidogo kwa vidole, akanusa.

"Kumbe mama huyu alininyima mboji," akasema.

Akacheka. Alicheka kweli, kile kicheko chake cha barabarani, akiwa amekaa chini na kiganja cheusi, na watu hawakujua waangalie wapi. Halafu kikageuka. Alilia mpaka akalala ubavu kwenye ule udongo, anamwambia bibi, aliyelazwa chumba cha pili, "Ungeniambia zimeoza. Ungeniambia tu zimeoza, mimi ningekuamini." Bibi alikuwa hajui. Hakuna aliyekuwa anajua.

Bibi alizikwa kwa jeneza la duka, lenye vishikio vya bati. Jirani alimwosha kwa mikono yake, na siku zote za matanga alilala chini pamoja nasi, upande wa mlango, penye upepo.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku ile, nimesimama pekupeku, fundi na binti yangu wakirudi ndani.

"Mama, umeamua?" binti akauliza.

"Jiko na choo wekeni marumaru, huko una haki, maji ni maji. Huku kote mbao. Mninga."

"Mama, mninga ni mzigo. Na nani atausugua?"

"Sikiliza. Mimi nikifa, wanawake watalala chini humu siku za matanga. Kama ni mwezi wa sita, na baridi yake, na wamelala kwenye marumaru, mtazika na wengine."

"Mama naye, mambo ya kufa kila siku."

"Si kila siku. Ni siku moja tu."

Nikamwambia fundi atoe ule udongo wote, ndoo kwa ndoo, mpaka afike kwenye mawe ya babu. Aache uwazi, aache matundu ya hewa kwenye msingi, kuku wakitaka walale. Akaniambia mninga mpana hawezi kuupata, siku hizi mbao zinakuja nyembamba na fupi, itabidi aunge. Nikamwambia aunge. Nimezeeka kugombana na miti. Akaniuliza apige gundi pamoja na misumari ili isilie. Nikasema misumari peke yake, na iwe ya kung'oka, ubao utoke mzima. Akaandika kwenye karatasi yake.

Usidhani natarajia kitu. Majeneza siku hizi yamepangwa kando ya barabara karibu na hospitali kama makochi, yana vioo, mengine yana taa, na vijana wa bodaboda wanakuonyesha kwa rafiki yao mwenye bei nzuri. Kikundi cha msiba kinachanga kwa simu. Mambo yanakwenda haraka na vizuri, mtu hasimami uani kwako na kofia mkononi kukueleza habari za mvua. Majirani zangu wapya Kawetele wana kuta na mageti. Tunapungiana mikono. Jirani wa chini ya njia naye alishatangulia, na kwake sasa pamejengwa nyumba ya mtu ambaye nimemwona mgongo tu.

Leo nina nyumba hii ya Kawetele na nyingine Msasani. Nina fremu za duka mjini, nimepangisha. Nina shamba la viazi Isongole na migomba nyuma ya nyumba. Nina ng'ombe wa maziwa. Nina pikipiki, anaendesha kijana niliyemwajiri. Nina watoto waliosoma kuliko mimi na hawanidai kitu. Nina makaburi ya babu na bibi, nimeyajengea. Nina sakafu ya mninga, vyumba vyote isipokuwa jiko na choo.

Mlango siufungi mchana. Hajaja mtu.